Kilo za maji kwanza: nilivyochagua vifaa vyepesi vya kambi nikiwa Dodoma

Watu wanaopenda kutembea na mzigo mwepesi wana hesabu yao maarufu. Unapima kila kilichomo begini ukiondoa maji, chakula na mafuta ya jiko, na ukibaki chini ya kilo nne na nusu hivi, umeingia daraja la juu. Waliotunga hesabu hiyo wanavuka vijito njia nzima. Huku kwetu, kuanzia Juni hadi Novemba, mito mingi ni mchanga mtupu, na kile wanachokiondoa kwenye hesabu ndicho kinachoumiza mabega. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu anayetembea juani kutwa kwenye vilima vya Irangi, kule Kondoa, anahitaji lita nne hadi tano za kunywa na kupikia. Akilala nje usiku mmoja mahali pasipo na kisima, ana kilo nane hadi kumi mgongoni kabla hajaweka hata kijiko.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoamua pesa yangu iende wapi. Mshahara wa ofisini hauruhusu kununua kila kinachosifiwa, na Dodoma haina maduka ya vifaa vya milimani kama Moshi au Arusha. Nilihitaji kujua shilingi ipi inapunguza mzigo kweli.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua kilikuwa mizani ya jikoni, ile bapa ya kidijitali inayosoma hadi kilo tano. Nikapima vyote nilivyokuwa navyo, nikaandika kwenye daftari la shule: jina la kitu, gramu zake, gramu za kile ambacho kingekaa mahali pake, na bei. Ukigawanya bei kwa gramu unazookoa, unajua kila gramu inakugharimu kiasi gani. Nashauri kila mtu afanye hivi kabla hajaingia dukani, kwa sababu majibu hayafanani na matangazo. Chupa ya chuma ya lita moja, ile nzuri ya kutunza ubaridi, ilikuwa nzito kuliko chupa nne tupu za maji ya dukani za lita moja na nusu zikiwekwa pamoja. Chupa hizo za plastiki sikuzinunua, zilikuwa jikoni zinasubiri kutupwa. Hapo nimeokoa gramu nyingi bila kutoa hata shilingi. Wafugaji wa Kigogo wanajua hili tangu zamani, kibuyu ni chepesi mno kwa maji kinachobeba.

Baada ya chupa, kilichoshika nafasi ya kwanza daftarini kilikuwa kichujio cha maji cha mkononi, kile chenye nyuzi nyembamba zenye matundu ndani. Kinachuja bakteria na vijidudu vya kuhara, na uzito wake hauzidi sana gramu mia moja. Niliona bei nikasita, kisha nikapiga hesabu: kwenye njia inayopita vijijini, kichujio kinakuruhusu kubeba lita mbili badala ya tano, kwa sababu utajaza tena kisimani au kwenye shimo ambalo wenyeji wamechimba mchangani mtoni. Kilo tatu zinatoka mgongoni kwa gramu mia. Hakuna hema wala begi duniani litakalokupa biashara kama hiyo.

Lakini kijue mipaka yake. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na kichujio hakiondoi chumvi. Kabla ya kuamua nibebe lita ngapi nawauliza wenyeji kama maji ya mahali yananyweka. Mara nyingi mama anayeteka maji atakwambia moja kwa moja kwamba kile cha juu ni cha kufulia, kile cha bondeni ndicho cha kunywa. Kichujio pia hakizuii virusi, kwa hiyo natia dawa ya klorini ya dukani na kusubiri nusu saa. Maji yenye tope nayachuja kwanza kwa kipande cha khanga, la sivyo matundu yanaziba mapema na pesa imepotea.

Maji hayohayo ndiyo yaliyonifanya nikatae begi jepesi sana. Yapo mabegi ya nusu kilo, hayana fremu wala mkanda wa maana kiunoni, na bei yake inatisha. Yanawafaa watu wenye mzigo wa kilo saba. Mimi siku ya kuondoka huwa na kilo kumi na nne na zaidi, na uzito huo lazima ukae kwenye nyonga, usining'inie mabegani. Nikachagua begi la mtumba lenye fremu ya aluminiamu na mkanda mnene, kama kilo moja na robo likiwa tupu. Kwa Dodoma naliona ni jepesi kuliko lile la nusu kilo, kwa maana ya jinsi mwili unavyofika jioni. Na nilinunua begi mwisho, baada ya kuona vitu vingine vinajaza nafasi kiasi gani. Ukinunua begi kubwa mwanzoni, utalijaza tu.

Mitumba inastahili kuzungumziwa kwa kirefu. Soko la Machinga hapa mjini vifaa vya kambi huletwa mara chache, tena wauzaji hawavithamini sana: mfuko wa kulalia mzuri unawekwa rundo moja na mablanketi. Ufike asubuhi belo linapofunguliwa. Chaguo pana lipo Moshi, soko la Memorial, kwa sababu huko vifaa vya mlimani vina wanunuzi, wakiwemo wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro, na muuzaji anajua anachouza. Bei inapanda kidogo, ila unachagua.

Mfuko wa kulalia wenye manyoya ya bata au bukini naukagua hivi. Nautoa kwenye kifuko chake, naukamata kwa viganja viwili, naubana mpaka hewa yote itoke, kisha naachia na kutazama. Mzuri unaumuka wenyewe ndani ya sekunde chache. Ukibaki umesinyaa, au ukisikia mabonge madogo vidoleni, manyoya yameshikana kwa jasho au kwa kufuliwa vibaya, uache hapo. Halafu naunyanyua kuelekea juani na kutazama vyumba vyake kimoja kimoja: palipo peupe hapana manyoya, na usiku baridi itapita hapo hapo. Zipu naivuta mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Mwisho natafuta lebo. Mifuko mingi ya Ulaya ina vipimo viwili au vitatu vya joto, na kinachokuhusu ni kile cha kulala kwa raha. Kile kingine cha chini zaidi ni cha kuvumilia, na kile cha tatu ni cha kunusurika tu.

Manyoya yana adui mmoja, unyevu. Ukilowa, mfuko unapoteza joto lake. Ndiyo maana sehemu za mvua nyingi watu wanapendelea nyuzi za viwandani. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu kiasi kwamba hofu hiyo karibu haipo, na manyoya ni mepesi zaidi kwa joto lile lile. Julai usiku mjini joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, kwa hiyo mfuko wa kulala kwa raha nyuzi 8 au 10 unatosha kabisa, na huo ni mdogo na mwepesi. Aliyekuuzia mfuko wa nyuzi kumi chini ya sifuri kwa ajili ya kulala Kolo, wilayani Kondoa, amekubebesha kilo bure.

Chini ya mgongo mambo ni tofauti, na hapa wengi wanaokoa pesa mahali pasipostahili. Mfuko unakupa joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Upande unaoulalia umebanwa, hewa imetoka, na ardhi inanyonya joto lako usiku kucha. Kinachokulinda ni godoro. Yale ya kujaza upepo ni mazuri mno na yanakunjika kuwa kitu kidogo kama chupa, lakini nchi yetu ni ya migunga. Mwiba wa mgunga unatoboa kandambili mpaka mguuni, sembuse kitambaa chembamba. Rafiki yangu analo la bei kubwa, na kila kambi tunaanza kwa kufagia miiba kwa tawi, tena anabeba viraka na gundi.

Mimi nilikwenda kwenye duka la vifaa vya watoto. Ile mikeka ya povu yenye herufi, inayounganishwa kipande kwa kipande, imetengenezwa kwa povu ambalo vitundu vyake vimefungwa: halinyonyi maji wala halibonyei likaisha. Vipande vya kutosha kuanzia mabegani hadi mapajani vina uzito wa nusu kilo na kitu. Miguu naiwekea begi tupu. Mwiba ukiingia, unauchomoa, maisha yanaendelea. Sponji ya godoro la kawaida usiibebe, inashuka hadi chini ukiilalia na inanyonya unyevu.

Chini ya mkeka natandika nailoni ya ujenzi, ile inayotandikwa kabla ya kumwaga zege. Duka la vifaa vya ujenzi wanakukatia kwa mita. Omba geji 500, usichukue geji 1000 ambayo ni nzito maradufu: mita mbili za mraba za geji 500 ni kama gramu 230.

Kwa hema, kiangazi nimeamua kutolibeba. Mvua haipo, kilichopo ni upepo, unaovuma kutoka mashariki na kushika kasi Agosti na Septemba, pamoja na mbu, nge na wadudu. Nilinunua Kariakoo kitambaa chepesi kisichopitisha maji, nikampelekea mama mmoja fundi cherehani Majengo. Nilimwamkia, nikamchorea umbo la turubai mezani kwa chaki. Akakipima kitambaa kwa vidole, akakivuta kwa pembeni.

“Mwanangu, hapa katikati nishone mara moja tu au unataka kikae?”

“Nataka kikae, mama. Upepo wa huku unaujua.”

“Basi tukunje mshono kama wa jinzi. Na hizi pembe tuzitie viraka, kamba zitavuta hapa, si kwingine.”

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Mshono wa kukunja unafunga kingo ndani, na pembe zenye viraka vya turubai la zamani hazijaachia hata uzi. Turubai alilonishonea linasimama kwa fimbo mbili za kutembelea, upande wa mashariki nikiushusha hadi ardhini. Ndani naning'iniza chandarua cha mtu mmoja nilichonunua dukani, na kingo zake nazichomeka chini ya mkeka. Vyandarua vinavyogawiwa bure sivikati, hivyo ni vya vitandani. Vyote pamoja na kamba havifiki uzito wa kilo moja na robo. Vigingi vyembamba havishiki kwenye udongo wetu mgumu, vinapinda, kwa hiyo nafunga kamba kwenye mawe, na mawe Dodoma hayanunuliwi.

Desemba hadi Aprili nitasema vingine. Hapo hema halisi linahitajika, na ukinunua tazama fito kwanza. Za nyuzi za kioo ni bei nafuu na nzito, tena zinapasuka kwa urefu na kuchoma vidole. Za aluminiamu zinapinda kabla ya kuvunjika, na fundi anaweza kuzitengeneza.

Jiko halikunisumbua. Majiko madogo ya gesi ya kambini yanavutia, lakini mikebe yake ya kufunga kwa kuzungusha haipatikani kirahisi Dodoma, na jiko lisilo na gesi ni chuma cha kubeba tu. Natumia jiko dogo la spiriti lililokatwa kwenye kopo la soda, likizungukwa na karatasi nene ya aluminiamu kuzuia upepo. Nyasi za Agosti zinashika moto kwa cheche moja, kwa hiyo naliweka juu ya jiwe tupu na maji pembeni. Chakula chepesi tunacho toka enzi za bibi zetu: mlenda uliokaushwa na kusagwa hauna uzito wowote, unachemka upesi, na pamoja na karanga na zabibu kavu za hapa hapa nyumbani umeshiba. Sijaona sababu ya kulipia chakula kilichokaushwa cha pakiti kutoka nje.

Mlima Hanang, kule Manyara, ndio unaobadilisha orodha hii. Kilele chake kiko zaidi ya mita 3,400, na Dodoma mjini tuko kama mita 1,100. Joto hushuka takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu unazopanda, hivyo usiku wa nyuzi 14 mjini ni karibu na sifuri kule juu, pamoja na upepo. Maji yote tunayabeba kutoka Katesh, mji ulio chini ya mlima. Kwa safari hiyo mfuko wangu wa Kolo hautoshi, na wa baridi kali ni ghali kwa mtu anayeuhitaji mara moja moja. Huo nakodi Moshi, na kuutuma kwa basi kupitia Arusha na Babati ni rahisi. Kabla ya kulipa naomba wautoe kwenye kifuko, naubana, naachia, nautazama juani, kama ningekuwa naununua.