Mama wa Likoni kwenye feri ya Savannah

Shemeji yangu wa Atlanta ndiye aliyeniponza. "Mama akija, mpeleke Savannah siku ya St. Patrick. Ndiyo siku mji unanoga." Na mimi nikamsikiliza, mtu mzima na akili zangu.

Tulitoka Atlanta saa kumi alfajiri, tukaingia Savannah, mji wa jimbo la Georgia huku Marekani, saa mbili asubuhi, nami najiona mjanja. Kumbe wenzetu walishatandika viti na mahema viwanjani kabla jua halijachomoza. Barabara zimefungwa, maegesho yamejaa. Nilizunguka saa moja na nusu, mwishowe nikamlipa kijana aliyegeuza ua wa nyumba kuwa maegesho. Dola arobaini au hamsini, sitaki hata kukumbuka. Kutoka hapo ni miguu, na Mama magoti yake mabovu.

Mama akatazama umati, kila mtu kijani kuanzia kofia hadi soksi. "Mwanangu, hawa wote ni mashabiki wa timu ya Gor Mahia?"

Nikamweleza ni sherehe ya watu wa asili ya Ireland, gwaride lao lilianza 1824. "Na sisi hapa tuna nani?" Sikuwa na jibu. Nikampeleka Forsyth Park kwenye ile chemchemi ya 1858 inayopigwa picha na kila mtu. Nayo maji yametiwa rangi ya kijani. Mama akaziba pua kabla hajafika, akidhani yameoza. Kanisa la kale nililotaka kumwonyesha hatukuliona, mto hatukuuona. Foleni ya choo ndiyo tuliyoiona vizuri. Njia ya kurudi Mama hakunena neno mpaka Macon.

Mwezi wa tano nikarudi naye, Jumamosi. Shemeji sikumwambia.

Safari hii tulianza na soko la wakulima hapo hapo Forsyth, upande wa kusini. Nendeni mapema, adhuhuri wauzaji wanaanza kufungasha. Mama alinunua asali na mboga ambazo hatukuwa na mahali pa kuzipika, akajaribu kupunguziwa bei kwa Kiswahili, na wallahi akapunguziwa.

Uzuri wa Savannah kwa mtu wa magoti ni vile viwanja. Mwingereza James Oglethorpe alipouanzisha mji 1733 aliupanga kwa viwanja, na leo vimebaki 22. Mtaa wa Bull peke yake una vitano kati ya Forsyth na mto, kila kimoja na mabenchi chini ya mialoni mikubwa. Unatembea kidogo, unakaa, unatembea kidogo, unakaa. Gari la watalii la nini?

Kisha lile kanisa, First African Baptist, pale Franklin Square. Tiketi ni dola kumi na kitu, na ziara zina saa zake, ulizeni kwanza. Watumwa ndio waliolijenga, usiku, baada ya kutumikishwa mchana kutwa, likakamilika 1859. Ghorofa ya chini, sakafuni, mna vitundu vilivyotobolewa kwa umbo la almasi lenye msalaba ndani. Mtembezaji alisema ni alama iliyotoka kwa Wakongo, na kwamba vilipitisha hewa kwa watoro waliofichwa chini ya mbao. Mama, ambaye siku hizi huswali kwa kiti, aliinama mwenyewe mpaka chini, akaweka kiganja juu ya tundu. Alikaa hivyo muda. Sikumhimiza.

Chakula cha mchana kilikuwa kamba juu ya grits, uji mzito wa mahindi meupe. "Ugali uliokata tamaa," alisema Mama, akala wote.

Kushuka River Street, mtaa wa kando ya mto, msipite zile ngazi za mawe, zinateleza na zina wima wa kutisha. Kuna lifti karibu na City Hall, ofisi kuu ya mji. Huko chini maduka ya peremende hukuonjesha praline bure. Mama akaonja: "Hii si kashata?" Ni kashata, ila ya njugu za pekani. Tukaonja maduka mawili, ya pili tukaona haya tukanunua.

Sasa ujanja wangu mkubwa. Watalii hulipa pesa nyingi kupanda meli ya kutalii mtoni. Mimi nikampandisha Mama feri ya mji, inayovuka kwenda Hutchinson Island. Bure kabisa. Upepo ule ule, daraja lile lile, meli za makontena zikipita karibu mpaka unahesabu madirisha.

Mama alisimama nje akishika chuma. "Nimetoka Likoni, kwenye feri ya Mombasa, nimepanda ndege mbili, nimekuja kupandishwa feri."

Nikaomba radhi, nikamwambia tushuke. Akakataa. Tulivuka na kurudi mara nne, mpaka mfanyakazi wa feri akawa anatupungia mkono. Ya nne, Mama alimpigia dada yake simu ya video, kule usiku umeshaingia. "Tazama, na hapa pia hawatozi. Lakini dada, hakuna anayekusukuma!"