Kansa ya titi ikirudi, sio kila mara ni chakula

Ukishamaliza kemo na mionzi kila mtu anageuka mtaalamu wa lishe yako. Mara sukari inalisha kansa acha kabisa, mara usiguse soya ina estrojeni, ile homoni ya kike inayoweza kukuza kansa ya titi, mara mboga tupu ndo zitakuokoa. Na sisi tunasikiliza, tutafanyaje, hofu ya kurudi tunayo, kamgongo kakiuma kidogo tu usiku hulali, na chakula ndo kitu pekee unachoona kiko mikononi mwako wakati mengine yote yako kwa madaktari.

Wiki hii nimekaa nikasoma tafiti zenyewe, maana mwenzangu tuliyeanza naye matibabu kansa yake imerudi, na watu wakishampa pole tu wanamuuliza alikuwa anakula nini. Imeniuma sana jamani.

Kuna utafiti wa Marekani unaitwa WINS, majibu yake yalitoka 2006, wanawake 2,437 waliokwisha koma hedhi na kansa yao iligundulika mapema. Kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta kwenye chakula, na baada ya miaka kama 5 kansa ilikuwa imerudi kwa asilimia 9.8 yao, lile kundi lingine asilimia 12.4. Nilifurahi! Halafu nikakutana na WHEL wa 2007, wanawake 3,088, kundi moja lilifundishwa kula mboga haswa, matunda, nyuzinyuzi, juisi ya mboga, mafuta kidogo, wote wakafuatiliwa miaka zaidi ya 7 na kansa ikarudi au ikatokea mpya kwa asilimia 16.7 ya kundi hilo, kundi la pili asilimia 16.9, yaani hakuna tofauti. Ila wale wa kundi la pili nao hawakuwa wanakula ovyo, walishashauriwa matunda na mboga za kiasi cha kawaida.

Kitu kimoja nimekiona hapo. Wale wa WINS walipungua uzito, kilo mbili na kitu hivi, wale wa WHEL uzito haukubadilika. Ndo maana wapo watafiti wanaoona labda siri iko kwenye uzito zaidi kuliko mboga, na ina mantiki, manake ukishakoma hedhi ovari zinapumzika lakini mafuta ya mwili yanaendelea kutengeneza estrojeni, na hizi dawa kama letrozole tunazomeza kazi yake ni kuzuia hilo hilo. Bado sio uthibitisho kwamba ukikonda umepona, naomba tusiende huko.

Na soya tuiache jamani. Wanawake 5,042 waliopona Shanghai walifuatiliwa, majibu yakatoka 2009, kati ya waliokula vyakula vya soya zaidi, waliorudiwa na kansa walikuwa wachache kuliko kwa wengine. Naongelea chakula, sio vidonge vya soya, hivyo vidonge muulize daktari wako kwanza.

Kwa hiyo mimi mboga nakula, zinausaidia moyo pia na kemo nyingine zinauchosha moyo, pombe situmii, na kliniki ijayo nataka tuongelee huu uzito ulioongezeka tangu nianze vidonge, nikipata mtu wa lishe anayewajua wagonjwa wa kansa itakuwa vizuri zaidi.

Lakini kuna namba moja haitoki kichwani. Kwenye WINS waliopunguza mafuta walikuwa 975, walifundishwa, walifuatiliwa, walijitahidi, na 96 kati yao kansa ilirudi hata hivyo au ikatokea titi la pili. Utawauliza walikula nini? Aina ya uvimbe, ulifika kwenye tezi za kwapa au la, unaitikia homoni au hauitikii, hayo yana uzito mkubwa na hakuna mgonjwa aliyeyachagua. Mwenzangu alikuwa makini na chakula kuliko mimi, nimemwona kwa macho yangu, na leo yeye ndo anarudi kwenye dripu.