Nilivyompata mtaalamu wa kunitibu usingizi

Jino likiuma unajua pa kwenda, na jicho vivyo hivyo. Lakini mtu anayeamka saa tisa za usiku, akakodoa macho mpaka alfajiri, kisha akashinda mchana kutwa kichwa kizito, aende kwa nani? Swali hilo lilinitesa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ndiyo maana naandika. Wapo wengi wanaozunguka kama nilivyozunguka, na wengine wanakata tamaa katikati ya njia.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu lake. Huyu alisema ni mawazo, yule akasema ni ukomohedhi, kwa kuwa nimeshavuka miaka hamsini. Daktari wa kwanza niliyemwona aliniandikia vidonge vya usingizi kabla sijamaliza maelezo. Hakuuliza naamkaje asubuhi, wala hakutaka kujua ninayelala naye ameona nini. Nilivimeza. Usingizi ulikuja, lakini nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, koo limekauka, kichwa kinagonga.

Aliyenifungua macho ni wifi yangu, ambaye ni muuguzi. Aliniuliza swali moja tu: "Wifi, usingizi huupati, au unaupata lakini haukusaidii?" Nilikaa kimya. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Akaniambia nisimtafute mtaalamu yeyote kabla sijalijibu, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloniambia nibishe hodi wapi.

Alinieleza kwamba shida za usingizi ziko za namna kadhaa. Yupo anayekosa usingizi kabisa, au anayeamka katikati ya usiku asiweze kulala tena. Hali hiyo ikitokea walau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, ndipo madaktari huiita sugu. Yupo anayelala saa za kutosha lakini pumzi inakatika humo humo usingizini, kwa sababu misuli ya koo inalegea na njia ya hewa inajiziba. Oksijeni inashuka, ubongo unamshtua avute hewa, na mchezo huo unarudiwa usiku kucha bila mwenyewe kukumbuka. Yupo ambaye miguu haimpi raha jioni mpaka aitembeze. Huyo hupimwa akiba ya madini ya chuma mwilini, kwani ikipungua hali hiyo huzidi. Yupo anayepiga mateke na kurusha ngumi akifuata ndoto anayoiota, na huyo anahitaji daktari bingwa wa mishipa ya fahamu mapema, asingoje. Na mtoto anayekoroma kila usiku hupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, maana mara nyingi ni tonsili au nyama za nyuma ya pua zimevimba.

Basi nikaanza kuandika. Kwa wiki mbili niliweka daftari kando ya kitanda: saa niliyopanda kitandani, saa ninayodhani nililala, mara nilizoamka, saa niliyoinuka, chai na kahawa nilizokunywa na wakati wake, na vidonge. Niliandika asubuhi, si usiku, kwani kuitazama saa usiku kunazidisha wasiwasi. Nikajaza pia dodoso la Epworth, lililotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Lina maswali manane kuhusu uwezekano wa kusinzia ukiwa unasoma, unatazama televisheni, umekaa kama abiria garini, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na ukivuka 10 kwa jumla, usingizi wa mchana umezidi kiasi. Mimi nilivuka.

Kisha nikamuuliza mume wangu. Ilibidi nimsihi, maana hakutaka kuniudhi. "Mama Zuhura, hukoromi sana," akasema. "Unakoroma kidogo, halafu kimya. Kimya kinakuwa kirefu mpaka najikuta na mimi nimebana pumzi nakusubiri." Kumbe alikuwa akiniona hivyo siku zote, na hakuna daktari aliyewahi kumuuliza.

Kwa ushahidi huo nilikwenda kwa daktari mwingine wa kawaida, si bingwa, na ninamshauri kila mtu aanzie hapo kama atampata anayesikiliza. Alisoma daftari langu ukurasa baada ya ukurasa. Akanipima presha, akapima mzunguko wa shingo, akamulika koo, akaagiza damu ichunguzwe kama nina upungufu wa damu, kisukari au hitilafu ya tezi ya shingo, kwa kuwa yote hayo huchosha. Alinieleza jambo ambalo wanawake wengi hatuambiwi: pumzi kukatika usingizini huongezeka kwetu baada ya hedhi kukoma, na mara nyingi hatuji na malalamiko ya kukoroma kama wanaume. Tunalalamika uchovu, kichwa kuuma asubuhi, kuamka amka. Ndiyo maana tunaandikiwa vidonge na kurudishwa nyumbani. Na vidonge vya kundi la benzodiazepini, kama vile nilivyopewa mimi, hulegeza misuli, ya koo ikiwemo.

Akanipa rufaa ya kupimwa. Hapa ndipo uchaguzi ulipokuwa mgumu, kwa sababu wanaotibu usingizi wametoka idara tofauti: kifua, mishipa ya fahamu, masikio na koo, afya ya akili. Cheo cha ukutani peke yake hakikunitosha. Nilipiga simu kabla ya kwenda na kuuliza: daktari huyu amesomea usingizi hasa? Nani anayasoma majibu ya kipimo, mtu au mashine peke yake? Kipimo kikionyesha sina kitu na bado naumwa, mtafanya nini? Nikianza tiba, nitamwona nani baada ya mwezi? Mahali pamoja walinijibu kwamba nikipima tu nitaondoka na mashine ya kupumulia siku hiyo hiyo, na hakuna haja ya kuonana na daktari. Nikashukuru, nikakata simu. Anayeuza dawa ya ugonjwa asiouchunguza simkabidhi koo langu.

Niliyemchagua alikuwa bingwa wa kifua aliyejifunza zaidi mambo ya usingizi. Aliniambia kuna kipimo cha kuvaa nyumbani, kinachopima pumzi na oksijeni, lakini hakisomi mawimbi ya ubongo, hivyo hakijui kama kweli umelala. Kwa kuwa mimi nilikuwa na shida ya kukaa macho pia, akataka nilale kituoni. Walinibandika nyaya kichwani, kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni, mikanda miwili kifuani na tumboni, mrija mdogo puani, na kifaa cha oksijeni kidoleni. Nilidhani sitalala hata lepe, lakini nililala kiasi cha kuwatosha. Pumzi kukatika au kupungua mara 5 hadi 15 kwa saa ni hali ndogo, 15 hadi 30 ni ya wastani, zaidi ya hapo ni kali. Mimi nilikuwa wastani.

Akanianzishia mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijizibe. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney mwaka 1980. Uzuri wa daktari huyu niliuona baada ya hapo. Barakoa ya kwanza ilivujisha hewa machoni, akanibadilishia bila kunilaumu kwamba sijitahidi. Mashine inaweka kumbukumbu ya saa ninazoivaa na hewa inayovuja, naye huisoma mbele yangu.

Kichwa cha asubuhi kiliisha. Lakini saa tisa ya usiku iliendelea kuniamsha. Wengine wangeongeza dawa. Yeye alisema ninayo yote mawili, pumzi kukatika na kukosa usingizi sugu, na hilo la pili si lake. Kwangu hiyo ndiyo dalili ya mtaalamu mzuri: anajua kazi yake inapoishia. Akanielekeza kwenye tiba ya utambuzi na tabia ya kukosa usingizi, yaani vikao na mwanasaikolojia vya kubadili mawazo na mazoea yanayoharibu usingizi, ambayo chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima, kabla ya vidonge.

Wanasaikolojia pia niliwauliza. Wa kwanza alisema tungeanza na maisha yangu ya utotoni kisha tuone. Ni kazi ya heshima, ila sicho nilichokifuata. Wa pili aliuliza kwanza kama ninaendesha gari kwenda mbali, kama nina kifafa, kama nimewahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Tiba yake inaanza kwa kupunguza muda wa kukaa kitandani, na kwa watu hao inaweza kuleta hatari. Akataka daftari langu, akaniambia ni vikao vichache tu, sita hivi. Nikabaki kwake. Zile wiki za mwanzo zilikuwa ngumu mno, nilisinzia mpaka machozi yakanitoka, lakini usingizi ulianza kushikana.

Vidonge sikuviacha ghafla, kwani kuvikata kwa mkupuo kunaweza kuleta madhara makubwa. Yule daktari wa kawaida aliniandikia ratiba ya kuvipunguza kidogo kidogo, na kila alipopunguza aliwatumia bingwa wa kifua na mwanasaikolojia nakala ya barua, wote watatu wajue ninachomeza na nisichomeza.