Kilomita 23 na ndizi za mkopo

Jumapili hiyo ratiba yangu ya mazoezi ilisema kilomita 32. Nilikimbia 23, nikaketi kando ya barabara ya Himo, kisha nikapanda Haisi kurudi Moshi mjini na ndizi mbili ambazo sikuwa nimezilipia.

Ilikuwa katikati ya Januari, zimebaki wiki kama sita tufike Kilimanjaro Marathon. Miaka miwili nyuma yake nilikuwa nakimbia ile nusu, kilomita 21. Mwaka huu nikajitia ushujaa, nikajiandikisha ile ndefu, kilomita 42, lengo nimalize chini ya saa tano. Anayeijua njia ile anajua ujanja wake: mwanzo unapelekwa barabara ya Dar na kurudishwa, unajiona mkimbiaji kweli, halafu unageuziwa kilima cha Mweka miguu ikiwa imeshachoka. Ndiyo maana hizi mbio ndefu za Jumapili nilikuwa nazihesabu kama akiba benki.

Tatizo lilianza Jumamosi. Kulikuwa na sendoff ya mtoto wa mama mkubwa, na kwetu Uchagani huwezi kwenda sendoff ukashika chupa ya maji tu kama mgeni rasmi. Shangazi akaniletea mbege, nikanywa kata moja, na ya pili, ile ya heshima. Nikala nyama nyingi na wali kijiko kimoja, maana foleni ya chakula ilikuwa ndefu na nyama ilikuwa karibu. Nimelala saa saba usiku. Alamu ya saa kumi na nusu ililia, nikaizima bila hata kufumbua macho.

Nikatoka nyumbani Majengo saa moja na dakika kumi. Jua la Januari la Moshi halina utani; saa hiyo Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ilikuwa imesimama wazi kabisa, nyeupe, ishara kwamba hakuna hata wingu la kunisitiri. Tumboni nilikuwa na kikombe cha chai ya rangi. Mkononi chupa ya nusu lita.

Mwendo wangu wa mbio ndefu ni dakika saba na nusu kwa kilomita, mwendo wa kupiga soga. Lakini kabla ya Kiboriloni nikakutana na vijana watatu tunaofahamiana, nikajiunga nao. Tangu Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu, achukue dhahabu ya dunia ya marathon kule Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani mstarini kwa kifua tu, bodaboda wa pale wana jina moja kwa kila anayekimbia. "Simbu, kaza! Dada Simbu!" Nikakaza. Kilomita kumi za mwanzo nilizipiga kwa dakika sita na nusu kila moja. Maji yakaisha kwenye kilomita ya tisa. Vijana wakageuza kwenye ya kumi, maana wao walikuwa na kilomita 20 tu, na mimi nikaendelea peke yangu kama mtu mwenye akili.

Nilipogeuza kwenye 16 bado nilikuwa naweza kujidanganya. Kwenye 19 mapaja yakawa mbao. Kwenye 21 nikaanza kutembea hatua hamsini, kukimbia mia, kisha kutembea mia, kukimbia hamsini. Kwenye 23 mwili ukasisimka, vipele vya baridi vikatoka mikononi, na jua lilikuwa kali la saa nne asubuhi. Nafanya kazi duka la dawa. Mteja akiniambia habari hiyo ningemwambia aache mara moja akae kivulini. Kwa hiyo nikaacha, nikakaa kivulini, pembeni ya mama aliyekuwa anauza ndizi mbivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani anakufukuza?"

Akanipa maji kwenye kopo, akanyofoa ndizi mbili. Nikatoa noti ya elfu moja niliyokuwa nimeificha kwenye soksi, imelowa jasho. Akaitazama, hakuigusa. "Hiyo ni ya gari. Ndizi utaleta."

Ndani ya Haisi nililia kidogo, na sioni haya kusema. Konda alidhani nimefiwa.

Jioni baba mdogo, ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi mvua, akanikumbusha John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathon wa zamani. Mexico, 1968, goti limefungwa bandeji, ameingia uwanjani wa mwisho watu wameshaanza kuondoka, na hakuacha. Namheshimu sana mzee Akhwari. Lakini yeye alikuwa kwenye Olimpiki. Siku yake ilikuwa ile ile. Siku yangu ilikuwa bado wiki sita. Kama ningejikokota zile kilomita tisa na kuishia kwenye dripu, ningekuwa nimemwiga nani?

Hata hivyo usiku sikulala vizuri, na mpango niliouona wa busara ni kuamka Jumatatu nizimalizie hizo tisa, ili kwenye daftari isomeke 32. Nikampigia mwalimu wetu wa kikundi, mstaafu aliyefundisha michezo sekondari. Akacheka, kisha akauliza: "Nani anakudai hizo kilomita?" Akaniambia mwili hauweki daftari la madeni. Mazoezi ya 23 umeshayapata, na sasa unachohitaji ni kupona. Ukienda kulipa tisa ukiwa umechoka, utakopa jeraha. Nipumzike hadi Jumatano, kisha niendelee na ratiba ya wiki hiyo kama ilivyoandikwa, bila kuongeza chochote.

Kuna kitu kimoja nilikifanya mwenyewe, na kwangu ndicho kilichosaidia zaidi. Dukani tuna mizani. Alhamisi saa tatu asubuhi nilijipima, nikakimbia saa nzima juani bila kunywa, nikajifuta jasho, nikajipima tena. Kilo moja na gramu mia moja zilikuwa zimeondoka. Kilo moja ya jasho ni kama lita moja. Mimi nilitaka kukimbia muda wa saa nne kwa chupa ya nusu lita! Hapo sikuhitaji tena kujiuliza kama nina roho ndogo. Ongeza mbege, ambayo kama pombe nyingine inakukojoza usiku kucha, na wanga niliouacha kwenye foleni ya wali, wakati misuli kwenye mwendo mrefu huutegemea huo, na ukiondoka kasi wanga unakwisha mapema. Sikukosa ujasiri. Nilikosa wali.

Jumapili iliyofuata nilikimbia 18 taratibu. Iliyofuata tena, 28. Jumamosi yake kulikuwa na ubarikio; nikaenda, nikala machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, sahani mbili mchana, nikaaga saa kumi na mbili jioni na shangazi akanuna. Saa kumi alfajiri nilikunywa uji na ndizi, saa kumi na moja tukaondoka watatu, mimi na kina dada wawili wa kikundi, maana giza lile sikimbii peke yangu. Mtoto wa mmoja wao alikuwa na baiskeli, amebeba chupa za maji ya kawaida na mbili za ORS, dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ile pakiti ya lita moja ninayouza kila siku kwa wenye watoto wanaoharisha na sikuwahi kufikiri ingenihusu. Vijana wangu walitupita Kiboriloni. Niliwapungia.

Nilimaliza kwa saa tatu na dakika 34. Miguu ilitaka kuongeza nne ziwe 32, nikaikatalia.

Yule mama tulimkuta kwenye kilomita ya 19, tunarudi, ndiyo kwanza anapanga ndizi zake. Nikatoa noti ya elfu mbili, safari hii imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, nikamwambia ni ile ya siku ile na nyingine za wenzangu. Akahesabu chenji taratibu, akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Wewe ni yule yule? Bado hujafika tu?"