Kidole kimoja, laini mbili

Kwenye meza ya wakala wa laini, iwe Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, au stendi ya Makambako, kuna kimashine cha alama za vidole ambacho kioo chake kimefifia kwa vumbi na jasho la watu. Mteja anaweka dole gumba. Wakala anatazama simu yake, anasema, "Haijasoma dada, rudia." Anarudia.

Mara nyingi ni kweli haijasoma. Vidole vya mtu anayechimba viazi Uporoto vimechubuka, baridi ya Juni imevikausha, na mashine inataka ngozi yenye unyevu kidogo. Lakini wapo mawakala ambao mara ya kwanza imesoma vizuri kabisa, na hiyo ya pili wanasajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo inauzwa ikiwa imeshasajiliwa, na anayeinunua ndiye anayetuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi wakifuatilia, jina linalotokea ni la mkulima wa Isongole aliyekwenda mjini mara moja kusajili laini.

Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Mimi siupingi. Utekaji, utapeli na ujangili vinapangwa kwa simu, na dola isiyoweza kujua simu ni ya nani imefungwa mikono. Ninachokishikilia ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa ajili ya usalama ikishikwa ovyo, usalama wenyewe ndio wa kwanza kuumia: mhalifu anajificha nyuma ya kidole cha mtu mwingine, na mpelelezi anapoteza wiki nzima kwa mtu asiyehusika.

Kwa hiyo ukisajili laini, futa kidole kwa kitambaa, kisha kipumulie kidogo kipate unyevu. Ukiambiwa rudia, omba kwanza uonyeshwe kwenye simu ya wakala kilichoandikwa. Usiondoke mezani mpaka upige *106# na kufuata maelekezo hadi uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama una laini za mitandao miwili, fanya hivyo kwenye kila moja. Ukikuta namba usiyoijua, usiende kwa wakala. Nenda duka la mtandao wenyewe ukiwa na kitambulisho cha NIDA, ifutwe, na uandike tarehe pamoja na jina la aliyekuhudumia. Kama namba hiyo imeshatumika kutapeli, nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikishwa, kabla hujatafutwa wewe. Meseji za kitapeli zinaripotiwa kwa namba 15040.

Na picha ya kitambulisho chako usiitume WhatsApp ya stationari ili wakuprintie kopi. Inabaki kwenye ile kompyuta, na kesho yake anakaa mtu mwingine kwenye kiti kilekile.

Sasa, laini ikishakuwa yako, mtandao unabaki na nini? Wengi wanadhani maongezi yao yote yanarekodiwa. Kinachotunzwa kwa kawaida ni kumbukumbu za miito: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, kwa simu yenye IMEI ipi, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe (ya kwako utaiona ukipiga *#06#), na mnara uliobeba mwito. Ya WhatsApp yamefungwa tangu simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na imekuwa hivyo kwa wote tangu 2016, ila nakala inayohifadhiwa kwenye akaunti ya Google haifungwi mpaka uwashe mwenyewe ufungaji huo kwenye mipangilio ya hifadhi ya gumzo. Meseji ya kawaida haina kufuli la namna hiyo.

Habari ya mnara inahitaji kutazamwa kwa makini, hasa huku kwetu milimani. Katikati ya jiji la Mbeya minara imekaribiana, na kujua mnara ni kukaribia kujua mtaa. Ukitoka kuelekea Makete au Kitulo, mnara mmoja unaweza kubeba eneo la kilomita nyingi. Mitambo ya GSM, ile teknolojia ya simu ya 2G, kwa kawaida inafika hadi kilomita 35. Tena simu haichagui mnara ulio jirani, inachagua unaosikika vizuri. Mtu aliye mgongoni mwa kilima anaweza kuukosa mnara wa kijijini kwake kwa sababu mwamba umeuziba, akadaka ulioko ng'ambo ya bonde. Kumbukumbu zitasema alikuwa kata nyingine. Tunduma ni hivyohivyo: simu ya mtu aliyekaa zake upande wa Tanzania inaweza kushika mnara wa Nakonde, na karatasi ikaonyesha yuko Zambia. Anayetumia kumbukumbu hizi kama ushahidi aulizwe mnara uko wapi, umeelekea wapi, na katikati kuna mlima gani. Wakili asiyeuliza hayo anamwangusha mteja wake.

Katiba, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, halafu inaruhusu sheria iweke utaratibu wa kuingilia haki hiyo. Utaratibu huo ndio unaonitia mashaka. Chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, polisi anayetaka kunasa mawasiliano anahitaji ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha amri ya mahakama. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuagiza taarifa zilizohifadhiwa zitolewe bila kupita kwa hakimu. Watu husema zilizohifadhiwa ni kitu kidogo kuliko kusikiliza simu. Si kweli. Miito ya miezi sita inaonyesha unalala wapi, unasali wapi, daktari wako ni nani na nani unampigia usiku. Hakimu angepaswa kuiona hiyo kabla haijatoka.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeleta Tume ya kupokea malalamiko, ingawa mambo ya usalama wa taifa na uchunguzi wa makosa yamewekewa msamaha mpana. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri la mwanasheria Tito Magoti, iliona baadhi ya vifungu vyake vimeandikwa kwa maneno yasiyo na mipaka, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha.

Simu yako ikichukuliwa katika upekuzi, dai stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa, usaini wewe na mashahidi. "Simu moja nyeusi" haitoshi. Iandikwe aina, IMEI zote mbili kama ni ya laini mbili, na laini zilizokuwamo. Bila IMEI hakuna atakayeweza kuonyesha mahakamani kwamba simu iliyopo mezani ndiyo iliyotoka mfukoni mwako.

Halafu kuna daftari la wageni la gesti. Hilo nalo lipo kwa ajili ya usalama, na polisi hupita kulikagua. Pale Makambako, wanakolala madereva wa malori, limefunguliwa kaunta na kalamu imefungwa kwa uzi: jina, kabila, kazi, unatoka, unakwenda, namba ya simu. Anayeandika mstari wa kumi anasoma tisa za juu. Binti aliyelala chumba namba nne anapigiwa saa tano usiku na mtu asiyemjua. Mwenye gesti hahitaji kompyuta kurekebisha hilo. Akate kipande cha boksi kinachofunika mistari iliyotangulia, daftari likae upande wake wa kaunta, na likijaa lifungiwe kabatini badala ya kugeuzwa karatasi za kufungia maandazi.