Herufi moja ilivyonigharimu nilipojenga kompyuta ya kuediti video

Miaka mitatu nimeediti kwenye laptopu ya RAM (memori ya kazi) GB 16 na sisemi uongo, imenilisha. Shida ilianza siku nilipopata kamera mpya inayorekodi 4K ya 10-bit 4:2:2, yaani picha kubwa yenye taarifa nyingi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida. Klipu ya kwanza nikaivuta kwenye taimlaini, nikabonyeza plei, picha ikasogea fremu mbili tatu ikaganda, sauti ikawa inaendelea yenyewe kama redio, feni nazo zinavuma utadhani laptopu inataka kupaa. Nikasema hapa hapana, sasa natafuta mashine ya maana.

Nikakosea pale pale mwanzoni. Badala ya kuanza na futeji yangu nikaanza na kompyuta. Nikakesha naangalia watu wanavyopima prosesa na kadi za grafiki, na wengi wao ni watu wa magemu, sasa gemu na kuediti ni vitu viwili tofauti kabisa ila mimi wakati huo nilijua mashine kali ni kali tu. Nikachukua Intel Core i7 ya kizazi cha 13, ile yenye herufi F mwishoni, manake ilikuwa nafuu kidogo na kila niliyemuuliza aliniambia kaka si una kadi ya grafiki, hiyo F haikuhusu. Chenji iliyobaki nikaimalizia kwenye kadi ya grafiki ya NVIDIA, RTX 4070. Nilijiona mjanja sana.

Nimemaliza kuunga usiku, Windows imekaa, programu zimekaa, nikafungua klipu ile ile. Ikakwama. Sio kama laptopu, hapana, lakini ilikuwa inarukaruka, ukiweka kamera mbili juu ya nyingine ndo kabisa. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani, nione nani mvivu. Prosesa iko juu ya asilimia 90, halafu kwenye kadi ya grafiki pale palipoandikwa Video Decode (kufungua video) ni 0. Sifuri! Kadi yote ile imekaa inaangalia mwenzake anavyotoka jasho.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Video za H.264 na H.265, njia mbili za kubana video, mara nyingi hazihifadhi kila fremu nzima, kamera inaweka fremu moja kamili halafu zinazofuata inaandika tu kilichobadilika, kwa hiyo faili ni dogo lakini kompyuta ndo inabaki na kazi ya kuzijenga upya kila unapocheza, na ukirukia katikati ya klipu ni kazi zaidi. Kazi hiyo ina sehemu yake maalum ndani ya chipu, ila sehemu hiyo haifungui kila aina. Kadi za NVIDIA za RTX 40 zinafungua H.265 ya 4:2:0 bila shida, ya 4:2:2 hazifungui, hiyo imekuja na RTX 50 mwaka 2025. Intel wao wanayo kwenye grafiki iliyomo ndani ya prosesa, wanaiita Quick Sync, na 4:2:2 ya H.265 inafunguka tangu kizazi cha 11. Na F maana yake ni nini? Prosesa isiyo na grafiki ya ndani. Yaani kitu pekee nilichokuwa nakihitaji ndo nilichokiacha dukani ili niokoe hela kidogo.

Kwa wiki kadhaa nikaishi kwa proksi. Unaitengenezea kila klipu nakala nyepesi ya 1080p, unaediti hizo, wakati wa kurenda (kutoa video ya mwisho) programu inarudi kwenye faili halisi. Inafanya kazi vizuri na hata leo natumia kwenye mradi wenye kamera nne. Lakini kusubiri proksi zitengenezwe wakati mteja anapiga simu kila nusu saa, hapana jamani.

Mwisho nikauza ile F, nikachukua ndugu yake isiyo na F, soketi ni ile ile kwa hiyo sikubadilisha kingine chochote. Nikawasha. Bado! Hapo nusura nilie. Kumbe mazabodi ikiona kuna kadi ya grafiki inaizima ile ya ndani, inabidi uingie BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka) uiwashe mwenyewe. Nikaiwasha, nikaweka draiva yake, nikarudi Task Manager: sasa kuna GPU (chipu za grafiki) mbili, ile ya ndani Video Decode inapanda inashuka, prosesa imetulia. Klipu ikacheza laini, nikaiburuta mbele nyuma kama mtoto na kidude kipya. Angalizo moja, kamera yangu inatoa 4:2:2 kwa H.264 pia, na hiyo Quick Sync ya prosesa yangu haiifungui, kwa hiyo nimeiacha kwenye H.265 muda wote. Kama hujui kamera yako inatoa nini chukua faili moja ulifungue na MediaInfo, ni ya bure, itakuambia kila kitu.

Kadi ya grafiki lakini sijutii. Natumia programu ya DaVinci Resolve kurekebisha rangi na pale kadi ndo inabeba mzigo, ukiweka kupunguza chengachenga kwenye 4K unaiona memori ya kadi inavyoliwa, 12GB yangu imeshajaa mara kadhaa. Angekuwa mtu wa After Effects (programu ya grafiki na madoido ya video) ningemwambia hela aipeleke kwenye RAM kwanza.

RAM nayo ilinipa vituko. Nilianza na 32, vijiti viwili vya 16, nikaona nikiongeza viwili vingine napata 64 kirahisi. Vijiti vinne vya DDR5 mashine ikagoma kuwaka mpaka nishushe spidi chini kabisa. Nikavitoa vyote nikaweka viwili vya 32. Na hapo pia angalia BIOS, vyangu ni vya spidi ya 6000 lakini vilikuwa vinakimbia 4800 mpaka nilipowasha XMP, mpangilio unaoiacha RAM ikimbie spidi yake iliyoandikwa, watu wengi wanakaa hivyo miaka bila kujua.

Diski nilipiga hesabu kwanza, hii angalau. Kamera inaandika megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 ni megabaiti 12.5, saa moja ni GB 45. Kwa spidi hiyo hata diski ya kuzunguka ingetosha kwa kamera moja, inachokushinda ni ukianza kurukaruka na kamera tatu kwa pamoja. Kwa hiyo nina NVMe (diski ya kasi isiyozunguka) moja ya mfumo, nyingine ya mradi unaoendelea, kazi zilizokwisha zinahamia diski mbili kubwa za kuzunguka, nakala mbili, moja haikai nyumbani. NVMe ya kwanza ya mradi ilikuwa ya QLC, aina inayopungua kasi ukiandika data nyingi kwa mkupuo, nikiingiza GB 400 inaanza kwa kasi, ikifika katikati inashuka mpaka kama megabaiti 100, unaenda kuoga unarudi bado. Ilihamishwa ikawa ya kashe, yaani faili za muda za programu.

Pawa saplai wati 750, sikuumiza kichwa. Monita ndo bado sijaipata ninayoitaka, ninayo ya IPS (aina ya kioo) nimeikalibreti kwa Rec.709, kiwango cha rangi za video ya HD, na bado kabla ya kutuma kazi ya rangi naangalia kwenye simu mbili na TV ya sebuleni. Ile feni ya mbele ya kesi nayo imeanza kutoa mlio kama kijiko kwenye kikombe, wikiendi hii naifungua.