Madirisha ya Pongwe

Jumanne nilikuwa namkata kucha Dokta, yule mzee wa Kikorea ninayemhudumia huku New Jersey, kazi anayoniachia mimi tu siku hizi maana binti yake humkata mpaka nyama, akaniuliza habari za nyumba ninayojenga kwetu Pongwe, Tanga. Mnamjua anavyouliza. Si umbea. Anauliza kama karani anayejaza fomu.

"Nyumba yako ya kwenu imefikia wapi?"

"Imeezekwa, Dokta. Bati lote limekwisha."

"Ina madirisha?"

"Bado."

"Vizuri. Usiyaweke haraka."

Akanipa mkono wa pili.

Ndiyo hayo tu. Baada ya hapo kucha zikaendelea, supu ikapashwa moto, dawa za saa sita zikamezwa, nikapanda basi langu kurudi Jersey City. Tangu siku hiyo theluji imeanguka, mdogo wangu kajifungua salama pale hospitali ya Bombo (mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mashallah), mtoto wa Dokta wa California amekuja na maneno yake ya kumhamisha baba, na hafla ya miaka 88 imefanyika ikaisha. Mimi kichwa changu kimebaki kwenye kucha.

"Vizuri. Usiyaweke haraka." Nimeisema hiyo sentensi kwa sauti zote ninazozijua. Nimeisema kwa upole, ikawa ushauri wa mzee. Nimeisema kwa mkato, ikawa dharau. Nikiosha vyombo naisema, mwanangu wa kwanza ananiuliza naongea na nani.

Wabeba boksi wenzangu, tunaohangaika na kazi ughaibuni, mtanielewa. Nyumba iliyoezekwa bila madirisha ni mateso ya aina yake. Popo wameshahamia chumba cha nyuma. Watoto wa jirani wameigeuza uwanja. Mvua za vuli zikipiga kwa ubavu, plasta ya sebuleni inalowa, kaka ananitumia video huku anashusha pumzi kana kwamba mvua nimeituma mimi. Hela ya alumini nilishatuma, fundi akasema bei imepanda, nikaongeza, kaka akasema sasa tatizo ni grili. Halafu mtu aliyekaa ghorofani Fort Lee, kwenye kioo cha ukuta mzima kinachotazama mto Hudson na daraja la George Washington, ananiambia nisiyaweke haraka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilimwambia hivyo shoga yangu wa Newark kwenye simu, akacheka, akasema basi mwombe yeye akununulie vioo.

Nilikwenda kwenye hafla ya Jumamosi nikiwa bado nimenuna. Mnakumbuka ile shule ya Kikorea ya Jumamosi, kule chini ya kanisa Palisades Park, aliyoianzisha na wenzake watoto wao walipoanza kuwajibu kwa Kiingereza? Humo humo. Meza ndefu, kila mtu na bakuli lake la supu ya mwani, ambayo kwao ndiyo supu ya siku ya kuzaliwa. Hakuna anayegusa kijiko kabla mkubwa wa meza hajagusa cha kwake. Na mkubwa wa meza alikuwa Dokta, na Dokta alikuwa anaongea na wanaume wawili waliokuja kumshika sikio hapo hapo mezani, ndugu wa tumbo moja wanaogombea duka la kufua nguo la marehemu baba yao. Supu ikapoa. Watu zaidi ya mia wametulia, watoto wanameza mate, yeye anasikiliza tu, macho chini. Mwishowe akasema maneno machache, nikamwuliza binti yake kasemaje. "Kasema walete daftari za hesabu Jumatatu, na mama yao aje." Nikamkumbuka marehemu babu kwenye baraza yake. Na yeye alikuwa hatoi hukumu bila mama wa watu kuwepo.

Akachukua kijiko. Mia nzima wakachukua kijiko.

Kisha hotuba. Mshereheshaji akaeleza Dokta alivyoingia Marekani mwaka 1964 kusoma, hata ile sheria ya uhamiaji ya 1965 iliyowafungulia mlango Waasia haijapitishwa. Akasema alifanya kazi maabara za utafiti za Bell pale Murray Hill, mahali alipokuwa Dawon Kahng, yule mzaliwa wa Seoul ambaye mwaka 1959 yeye na Mmisri mmoja, Mohamed Atalla, walitengeneza transista ya aina ambayo leo imejazana kwa mabilioni ndani ya kila simu. (Mmisri, jamani. Afrika tumo.) Watu wakapiga makofi kana kwamba ni Dokta aliyeitengeneza. Akainua mkono: "Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake kwenye foleni ya chakula."

Mshereheshaji hakukoma. Akafika Desemba 1950, vita vya Korea, bandari ya Hungnam kule kaskazini, jeshi la China linashuka, karibu raia laki moja wanaondolewa kwa meli kwenda kusini. Akasema mzee wetu, mtoto wa miaka 12 wakati ule, alipanda Meredith Victory, meli ya mizigo iliyobeba watu 14,000 na kufikisha zaidi ya hao, kwa sababu watoto watano walizaliwa njiani. Hapo Dokta akasimama kabisa. Kusimama kwenyewe ni shughuli, nilimshika kiwiko.

"Si meli hiyo," akasema. "Kila mwaka mnasema hiyo. Ya kwangu ilikuwa nyingine, ndogo, na jina lake sikuliona kwa sababu ilikuwa usiku."

Akakaa. Nikacheka peke yangu ukumbi mzima. Ndivyo alivyo. Wenzake hapa wangempa ile meli maarufu bure, picha yake ipo na historia yake imeandikwa, naye anaikataa kwa sababu si kweli.

Kununa kwangu kukaanza kulegea hapo, nadhani. Au ni zile tambi za baridi zilizofuata, za wanga wa viazi, za kwao Hamhung, Korea Kaskazini, ambazo anazila na barafu hata theluji ikiwa nje. Nimejifunza kuzipenda, nikitia haradali nyingi.

Jikoni, tukiosha masufuria, binti yake akaanza kunieleza huo mpango wa California, na katikati ya hayo akasema kitu ambacho kilinifanya nizime bomba. Alisema baba yake hajawahi kutaka kununua nyumba yenye uwanja, siku zote ghorofa. Mwaka 1966 Seoul walipofungua taasisi kubwa ya utafiti, KIST, wakawa wanawaandikia wanasayansi wao waliosambaa Marekani warudi, mishahara minono na nyumba za kukaa, barua ilimfikia na yeye. Mama yao alishafungasha akilini. Yeye akajibu hapana. Alisema Seoul si kwao, kwao ni Hamhung, na Hamhung hakuna anayeandika barua.

Halafu, kana kwamba anaendelea na habari hiyo hiyo, akasema kule kwao milango na madirisha yalikuwa ya mbao zilizobandikwa karatasi, ile ngumu ya magome ya mforsadi. Kila vuli inabanduliwa, inabandikwa mpya kwa gundi ya unga, ili baridi isiingie. Vuli ile ya 1950 baba yake Dokta alibandika nyumba nzima, na mama yake akaweka majani mekundu ya mti kati ya karatasi mbili, pale penye mkono wa mlango, mahali panapochanika upesi. Karatasi ilikauka ikawa inalia kama ngoma ukiigonga kwa kidole. Desemba baba na mtoto wakaenda bandarini. Mama na mdogo wa kike wakabaki kumwangalia bibi, wakiamini ni jambo la siku chache.

Hakuwaona tena. Ile mikutano ya ndugu waliotenganishwa, ya mwisho ilikuwa 2018, ni ya serikali mbili za Korea na watu wao. Yeye pasipoti yake ni ya Marekani.

Nikauliza, "Kwa hiyo ndiyo maana aliniambia nisiweke madirisha?"

Binti akanitazama. "Alikuambia usiweke madirisha?"

Hakujua lolote. Ikabidi nimhadithie kucha zote. Akafikiri, akasema labda. Akasema pia baba yake siku hizi anawaambia watu mambo mengi: wiki iliyopita alimwambia mtu wa posta asioe.

Basi sasa sijui niishike ipi. Jumatatu nilikwenda kazini nimejiandaa kumwuliza, nikamkuta na wale ndugu wawili, mama yao, na madaftari ya duka, amevaa miwani miwili kwa pamoja. Hakuniona. Nikapika wali, nikapanga dawa, nikaondoka.

Lakini niseme tu: hela ya grili nimeituma. Mwenzangu na karatasi zake nimemsikia, na moyo uliniuma kwa ajili ya yule mama na majani yake mekundu, ila Pongwe hakuna jeshi linaloshuka, kuna popo. Nimemwambia kaka vioo viwe vya rangi ya moshi na fundi apige picha kila dirisha, si picha moja ya mbali. Nikimwambia Dokta kwamba yamewekwa nitamtazama uso. Akisema "vizuri" tena, nitajua ni neno lake tu la kila kitu.

Kinachonisumbua usiku huu ni kingine. Mwanangu wa pili ana safari ya shule Alhamisi, na hajui kama fomu ilitakiwa irudi Ijumaa iliyopita au ni hii inayokuja. Nimepekua begi lote. Nimekuta ndizi, imeshakuwa maji.